Mtumbwi wa Ta Kaijage na Sabuni Yangu

Wanangu mnaoanza kazi ya maabara, nimeombwa niwaandikie jambo litakalowafaa. Basi sikilizeni. Nimeosha vyombo miaka thelathini na mitatu. Kwenye barua ya ajira niliandikwa fundi sanifu, na siku ya kustaafu nikapewa cheti chenye maneno marefu zaidi ya hayo, lakini ukweli ni kwamba niliosha vyombo. Anayewaambia kuwa sayansi inaanzia kwenye darubini hajawahi kusuuza chupa mia mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Maabara yetu ilikuwa na vyumba vitatu, mjini Bukoba, na kazi yetu ilikuwa hamira. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Dokta, alitaka kujua hamira za kwenye lubisi zinavyotengeneza vitamini B1. Kwa asiye wa huku, lubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi, yaani gogo lililochongwa likawa na tumbo. Juisi huchujwa, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake watu wanaimba. Hakuna mtu anayetia hamira. Hamira yenyewe ipo tayari mahali fulani. Mimi niligundua mahali hapo kwa kupaharibu.

Lakini kwanza niwaambie nilivyofundishwa, maana kosa langu kubwa lilizaliwa na mafunzo mazuri.

Aliyenifundisha ni Mzee Sospeter, fundi mkuu, mtu wa Kagondo, Mlutheri asiyeonja pombe maisha yake yote, ambaye angeweza kunusa chupa akakuambia ni hamira ya nani na ina siku ngapi. Siku yangu ya kwanza alinipa chupa moja akaniambia niioshe. Nikaiosha. Akainusa, akanirudishia. Nikaiosha tena. Hivyo hivyo mpaka chakula cha mchana.

"Mara saba kwa maji ya bomba," alisema, "kisha mara tatu kwa maji ya mvuke. Kunyunyiza si kusuuza."

Nilimwona mkorofi. Mwaka huo huo nikaelewa. Dokta alinituma nipike chakula cha hamira kisicho na B1 hata chembe, nikimwage kwenye sahani, nipande hamira kutoka mitumbwi kumi na miwili. Hoja ni rahisi: hamira inayojua kutengeneza B1 itaota, isiyojua itakufa njaa. Nikapika, nikapanda. Baada ya siku tatu zote zimeota. Dokta alifurahi akatununulia soda. Mzee Sospeter hakunywa soda yake. Aliomba kuona kijiko.

"Kijiko hiki jana kilikuwa wapi?"

Kilikuwa kwenye kopo la unga wa hamira iliyokufa, ule tuliotumia kupika chakula kinono, na unga ule umejaa B1. Nilikuwa nimekipangusa kwa kitambaa.

"Umewaalika watu kwenye mfungo," alisema, "halafu umewapikia."

Tulirudia kazi yote. Soda tulikuwa tumeshakunywa. Toka siku ile nikawa muoshaji wa kutisha. Hata nyumbani Nyanga nilisuuza sahani mara kumi, mpaka marehemu mume wangu akalalamika kwamba chakula chetu kina ladha ya maji.

Sasa hapa lazima niwaeleze kidogo kuhusu vimeng'enya, msiogope. Ndani ya hamira vitamini haitengenezwi na fundi mmoja. Kuna mstari wa vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake ndogo, kinapokea kitu, kinakigeuza, kinampa wa pili, kama watu wanaopokezana ndizi kutoka shambani hadi kwenye mtumbwi. Mmoja akikosekana, ndizi zinakwama kwake. Kimeng'enya cha kawaida kikimaliza kipande kimoja kinarudia kingine, maelfu kwa maelfu, hakichoki. Lakini kwenye mstari wa B1 hamira ina viwili vyenye tabia ya peke yao. Kila kimoja kinang'oa kipande cha mwili wake mwenyewe, kinakitia kwenye vitamini, na baada ya hapo hakifai tena. Kimefanya kazi mara moja, basi.

Dokta alipotueleza hayo, kwa furaha kama mtu aliyepata mjukuu, Mzee Sospeter alifikiri kidogo. "Hao," alisema, "hawana chama cha wafanyakazi."

Ndiyo maana hamira ni bahili. Ikikuta B1 imeandaliwa mezani, haijisumbui kutengeneza. Na hapo pana mtego mwingine wa kuwaonya: hamira huja na akiba tumboni. Ukiihamisha kutoka chakula kinono kwenda sahani isiyo na B1, itaota mara ya kwanza kwa akiba yake, nawe utashangilia. Usishangilie. Ihamishe tena. Kisha tena. Uhamisho wa tatu ndio husema kweli. Na msije mkapita mitaani mkisema Adventina ameandika kwamba lubisi ni dawa. Hamira inatengeneza vitamini yake kwa ajili yake, na imeifungia ndani.

Katika mitumbwi yote tuliyochukua, hamira iliyoota vizuri kuliko zote bila B1 ilitoka Buganguzi, huko Muleba, kwa Ta Kaijage. Ta ni heshima yetu kwa mwanamume, kama Ma kwa mwanamke. Tuliiita K saba. Ta Kaijage alikuwa na migomba, kahawa, mke aitwaye Ma Paskazia, na mtumbwi aliorithi kwa baba yake. Lubisi yake watu waliijua kwa kuonja tu. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na kila nilipofika alinitolea amwani kwenye kikapu kidogo, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo sisi Wahaya humpa mgeni atafune. Mgeni asiyepewa buni kwetu hajapokelewa, hata akilazwa kitandani.

Mwaka wa nne wa kazi hiyo Dokta alinituma tena Buganguzi kuchukua mbegu mpya. Nilifika Jumapili, Ta Kaijage yuko kanisani. Mtumbwi ulikuwa umeegemezwa chini ya migomba. Nikachungulia ndani. Ulikuwa mweusi, una utando, una nyufa, na kwenye nyufa kuna vitu. Wanangu, mimi nilikuwa mtu wa kusuuza mara saba na mara tatu. Moyo uliniuma. Nikajiambia, mzee huyu amenikarimu miaka minne, leo nimlipe wema.

Kwenye mkoba nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche na brashi ya chupa. Nikamwomba Ma Paskazia maji ya moto.

"Mama, utachoka bure," alisema.

Nikamwambia sichoki. Nikavua viatu, nikafunga kanga, nikasugua. Akaja akasimama mlangoni, mkono shavuni.

"Mama, utachoka bure."

Nikasugua nyufa moja moja. Nikasuuza mara saba, kisha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Akasema mara ya tatu kwamba nitachoka bure, na mimi nikawaza, jamani, mama huyu ana huruma. Nilikuja kuelewa baadaye. Mgeni akishika kazi kwa mikono miwili huwezi kumnyang'anya, hasa mgeni wa ofisi. Kwa mwanamke wa Buganguzi mbele ya mgeni, yale maneno yalikuwa mayowe.

Ta Kaijage alirudi akiwa na koti lake la kanisani. Akainama juu ya mtumbwi. Akakaa ameinama kitambo.

"Sikujua kuwa ni mti mwekundu," alisema.

Kisha akaniambia, "Kasinge waitu," yaani asante kwa heshima, akaingia ndani. Buni hazikutoka. Niliona, ila nikadhani zimeisha.

Siku kumi na mbili baadaye simu ililia maabara likaitwa jina langu.

"Adventina," alisema Ta Kaijage, "mtumbwi umenyamaza."

Mtumbwi wenye lubisi inayokwenda vizuri hutoa sauti. Ukiweka sikio juu ya majani asubuhi unasikia mchemko mdogo mdogo. Wake ulikuwa haujasema neno. Alikuwa amekanyaga ndizi mara mbili, na mara zote mbili juisi ililala siku mbili kisha ikachacha, ikawa ya kumwagia migomba. Na baada ya majuma matatu, mwanawe Deo alikuwa anakwenda kuoa, tena binti wa hapa Nyanga, karibu na kwangu. Kwetu upande wa mwanamume hupeleka lubisi kwa wakwe, na wazee wa kule huonja kabla neno lolote halijasemwa.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama hawezi kuchukua masira kwa jirani, yale machicha ya chini, apake kwenye mtumbwi wake.

"Nikipaka masira ya jirani nitapeleka lubisi ya jirani," alisema. "Anayeoa ni Deo au ni jirani?"

Hakunilaumu. Hakutaja sabuni. Angenitukana ningepona haraka zaidi. Niliweka simu chini nikaenda kwa Mzee Sospeter, aliyekuwa anakunywa chai.

"Nimeuosha mtumbwi wa Ta Kaijage," nikasema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mchafu."

Akaweka kikombe chini. "Adventina, wewe una friji yenye chupa za mbegu. Ungemkuta mtu anazichemsha kwa sabuni ungemwitaje? Ile ndiyo friji yake. Imechongwa kwenye mti, basi. Baba yake alipanda humo kabla wewe hujazaliwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mambo yote niliyofundishwa yalikuwa kweli, na nilikuwa nimeyapeleka mahali pasipo pake. Nawaambia ninyi kwa sababu najua mtayafanya, kila mmoja kwa sabuni yake.

Ilibaki K saba ndani ya friji yetu. Ilikuwa imekaa humo miaka minne ikihamishwa kutoka chupa hadi chupa, ikila chakula kinono, na hamira iliyolelewa hivyo huweza kubadilika, ikasahau ilichokuwa inajua kutengeneza. Tena vibandiko vya chupa niliandika mimi, na wakati huo sikuwa na imani kubwa na mimi. Sikutaka kumpelekea mzee hamira ya mtu mwingine nikiiita yake. Nikapika chakula kisicho na B1, kijiko kipya, kila chombo mara saba na mara tatu. Sahani moja nikapanda K saba. Ya pili nikapanda hamira ya mtumbwi mwingine ambayo tulijua haiwezi kutengeneza B1, iwe shahidi.

Uhamisho wa kwanza zote ziliota. Akiba. Wa pili, shahidi akakonda, na K saba nayo ikakonda kidogo, na siku mbili zilizofuata sikula vizuri. Mzee Sospeter alipita mara kwa mara akitazama ndani ya kabati la joto. Asubuhi ya uhamisho wa tatu ndiye aliyefungua. Sahani ya shahidi ilikuwa tupu. Ya K saba ilikuwa na madoa meupe, ya duara, manene, yamejipanga kwenye mistari niliyoichora. Nilikaa kwenye stuli nikalia. Viumbe wadogo wa ukoo wa uyoga, ndani yao maelfu ya vimeng'enya vilivyojing'oa mwili ili sahani ile iote, na mimi nalia kama nimefaulu mtihani.

Akabaki Dokta. Sheria yake ilikuwa moja: mbegu haitoki nje ya maabara. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sabuni, simu, harusi.

"Mtumbwi ni wa nani?" akauliza.

"Wa Ta Kaijage."

"Na hamira tuliitoa wapi?"

"Kwenye mtumbwi."

"Basi haitoki nje. Inarudi ndani," alisema. "Bakiza chupa mbili."

Nilisafiri na chupa ya lita moja mapajani, mdomo umezibwa kwa pamba, na toka barabara kuu niliipakata nyuma ya pikipiki mpaka Buganguzi. Dereva aliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema ana miaka mingi kuliko wewe, naye akapunguza mwendo.

Nilikuwa nimeandika maelekezo ukurasa mzima. Ta Kaijage aliusoma wote kwa heshima, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akafungua chupa, akanusa.

"Imekaa sana mjini," alisema.

Akamwambia Ma Paskazia apike uji mwepesi wa mtama. Ulipopoa akamimina chupa yangu humo, akauacha mpaka ukaanza kutoa povu, halafu akachovya majani makavu ya mgomba, akaupaka ule mti mwekundu, ufa kwa ufa, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Mimi sikuruhusiwa kuugusa. Hakusema hivyo. Alisema tu, "Mama, utachoka bure," na safari hii nilisikia.

Siku ya tatu alikanyaga ndizi yeye na Deo. Wakachuja, wakatia mtama, wakafunika. Niliomba nilale pale. Asubuhi nikamkuta amepiga magoti kando ya mtumbwi, sikio juu ya majani. Sikuthubutu kuuliza. Akakaa hivyo kwa muda ambao mimi nauhesabu kuwa mwaka. Kisha akainuka, akapangusa magoti, akapita mbele yangu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kikapu cha buni.

Nilitafuna mbili. Zilikuwa chungu kama kawaida, na sijawahi kula kitu kitamu kama zile.

Harusini nilikuwepo, kwa kuwa nyumba ya wakwe ilikuwa jirani yangu. Mzee wa upande wa binti alipokea kibuyu, akanywa, akapangusa mdomo, akanywa tena, akampa aliye kushoto kwake. Kwetu hotuba haizidi hapo. Ta Kaijage alitazama paa.

Miaka mingi baadaye umeme ulikatika wakati wa sikukuu ndefu, maabara imefungwa, na friji yetu ikapika kila mbegu iliyokuwemo, zikiwemo zile chupa mbili. Mzee Sospeter alikuwa amestaafu. Dokta alitazama ndani ya friji kisha akanitazama mimi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa njia. Ta Kaijage alikuwa mzee sana wakati huo. Alinipokea getini.

"Fungua mkoba," alisema.

Nikafungua. Akakagua mpaka chini, akanusa leso yangu, ndipo akaniongoza hadi kwenye mtumbwi, uliokuwa umeshakuwa mweusi tena. Nilikwangua ufa mmoja kwa kisu kilichopitishwa motoni. Uhamisho wa kwanza, wa pili, wa tatu. Iliota. Kila mara nilipokwenda baada ya hapo, mkoba ulifunguliwa, na buni zilitoka.

Ta Kaijage alifariki nikiwa nimelazwa hospitali, sikuweza kwenda kumzika. Nilipopata nguvu nilikwenda kutoa pole. Nikanunua sukari, chumvi, na mche wa sabuni, kama mtu yeyote anavyobeba kwenda kwenye nyumba ya msiba. Sikufikiri.

Deo alinipokea getini. Sasa ni mtu mzima, mvi zimeanza, na mtumbwi ni wake. Akanisalimu, akanipa pole na mimi nikampa pole. Kisha akasimama katikati ya njia.

"Mama, nisamehe," alisema. "Baba aliacha maneno. Kuhusu shamba, kuhusu kahawa, na kuhusu wewe. Alisema Adventina akija apewe buni kabla ya mtu mwingine. Lakini mkoba ukaguliwe."

Nikaufungua. Tukautazama ule mche wa sabuni sisi wawili, uko juu ya sukari, mrefu, wa bluu.

Deo hakucheka. Aliuchukua kwa vidole viwili, akaupeleka nyumba ya jirani, mbali, ng'ambo ya migomba. Mimi nilibaki nimesimama getini nikilia kwa sauti, mwanamke mzima, mstaafu, mpaka aliporudi na kikapu.